Mahali Gari Linapolala

Ndunge mjukuu wangu, na wewe Kioko mume wake,

Ujumbe wenu nimeusoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Mnanijua, mimi na kiti hatuelewani. Mmenunua basi dogo kuukuu la shule, mmeng'oa viti, mmeweka kitanda, sinki na jiko la gesi, na mwisho wa mwezi mnamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake. Kazi yenu ni ya kompyuta, haina haja na ukuta. Sawa. Wengine watawaambia mmerukwa na akili. Mimi sitasema hivyo, na sababu yake nitaifikia. Lakini mwishoni mkaniuliza mimi nyanya yenu swali lililonifanya niache chai ipoe: "Susu, pale pa makao kwenye fomu ya bima, si tuandike tu nyumbani kwako Tulia?"

Ngojeni kwanza! Msiandike kitu. Wekeni kalamu chini mpaka mmalize kusoma hii, kwa maana jibu la swali hilo moja lilikaribia kuwaacha watu wawili ninaowapenda bila nyumba, na aliyeliandika vibaya ni mimi.

Kazi ya bima nilifundishwa na Mzee Kyalo, wakala wa Kitui mjini, mtu mfupi, mbishi, asiyevua kofia hata kanisani mpaka mzee wa kanisa amguse bega. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na humo hakukaa. "Bima haiandikwi mezani," aliniambia siku ya kwanza. Mimi nikaona ni maneno ya wazee tu. Wiki ya pili akaja bwana mmoja amevaa suti, akaninunulia soda, akanieleza pikapu yake vizuri mpaka nikawa naiona. Nikamjazia fomu. Kyalo aliporudi akaisoma, akaniuliza, "Umeiona?"

"Mwenyewe ameieleza vizuri sana," nikamwambia.

Alinipakia kwenye pikipiki tukaenda mpaka kijijini kwa huyo bwana. Pikapu ilikuwepo, ndiyo, na rangi ilikuwa ileile. Injini ndiyo haikuwepo. Kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa ameatamia mayai, akatukazia macho kama wezi. Kyalo akavua kofia, akamsalimia, "Wakya, mama," halafu akanigeukia. "Huyu ndiye dereva wako. Muulize kama ana leseni."

Nilicheka baada ya miaka miwili. Siku ile nililia.

Kutoka hapo akanifundisha kuinama. Wengine hutazama gari kwa juu, rangi na vioo. Kyalo alikuwa anapiga magoti kwenye vumbi na kutazama ardhi iliyo chini ya gari. Gari kuukuu lazima lidondoshe mafuta, na pale linapolala kila siku utakuta doa jeusi, gumu, la miezi mingi. Mtu anaweza kukuambia gari lake linalala ndani ya geti lenye mlinzi. Ukikuta nyasi za kijani hapo chini, ujue gari linalala kwingine. "Mtu atakudanganya," alikuwa akisema, "lakini mafuta yanadondoka tu mahali yapo." Nyinyi wa siku hizi mnapiga picha kwa simu, mnatuma, na cheti kinarudi kwa simu kabla ugali haujaiva. Ni vizuri, sikatai. Lakini simu haipigi magoti.

Sasa Musembi.

Musembi alikuwa fundi wa pampu za visima, mzaliwa wa Kikima, kule milimani Mbooni kwenye baridi na maharagwe. Kazi yake lakini ilikuwa kaskazini mwa Kitui, Tseikuru na kupita hapo, mahali pampu ikikufa mifugo inasimama kando ya birika kavu na wenye mifugo wanaanza kutazamana vibaya. Kule hakuna nyumba ya wageni kila mahali. Kwa hiyo yeye na mke wake Mwende walichukua lori, wakalijengea chumba cha mbao na mabati mgongoni: kitanda, jiko la gesi, rafu za vyombo, mashine ya kuchomelea, dirisha lenye pazia la maua. Mwende alikuwa na mkebe wa giligilani umening'inia mlangoni. Nilikunywa chai humo ndani mara nyingi kuliko kwa dada zangu. Miaka sita walikuwa hawana paa lingine.

Nikamfuata kumwandikia bima. Tukafika pale pa makao. "Unaishi wapi?" nikamuuliza, na nilikuwa nimekalia kitanda chake.

"Kikima," akasema.

Nikamtazama. "Musembi. Na hii lori inalala wapi?"

"Kikima, Mama Mumbua. Kwetu ni Kikima. Wewe unataka niseme sina kwetu?"

Mwende alikuwa anaosha vikombe, akaacha kuosha.

Nyinyi mmekulia mjini, labda hili haliwaumi, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu mtu akikuuliza unakaa wapi, humwambii kitanda chako kiko wapi. Unamwambia musyi, yaani kwenu, boma la baba yako, mahali walipozikwa wazee na utakapozikwa wewe. Uwe umepanga Mombasa miaka ishirini, jibu ni Kikima. Mtu asiye na jibu hilo anatazamwa kama mtu aliyelaaniwa au aliyekimbia jambo. Na Musembi alikuwa na kidonda hapo. Ndugu zake walikuwa wamejenga wote. Yeye sehemu aliyoachiwa na baba ilikuwa bado shamba tupu. Kumwandika kwamba anaishi ndani ya lori ingekuwa ni kumtangaza.

Basi mimi, niliyefundishwa kuinama, sikuinama. Nilimwonea huruma. Nikaandika: makao, Kikima. Mahali gari linapolala, nyumbani, Kikima. Matumizi, kubeba vifaa vya kazi yake. Kitanda sikukiandika, wala gesi. Nikajiambia ni heshima. Heshima gani, jamani! Ilikuwa uvivu wa moyo uliovaa nguo ya heshima, na nimekasirika na mimi mwenyewe hadi leo.

Mvua za mwaka uliofuata zikanyesha mbali, milimani. Tseikuru kwenyewe jua lilikuwa kali, mbingu haina hata doa. Musembi alikuwa ameegesha lori kando ya mto wa mchanga, palepale ukingoni, kwa sababu kuna kivuli na ukichimba mchanga unapata maji ya kufua. Wao wawili walikuwa kwenye kisima, mwendo mfupi tu. Wakasikia mngurumo. Mwende aliniambia walidhani ni ng'ombe wengi wanakimbia. Mto ulikuja na jua likiwaka, maji ya kahawia yamebeba miti mizima, na wakasimama juu ya kilima wakaiona nyumba yao inageuka polepole, inaelea, inaondoka na pazia lake. Lori walilipata siku ya pili, limelala ubavu, mchanga umejaa mpaka kwenye usukani. Chumba cha mbao hakikuonekana tena.

"Mama Mumbua," Mwende aliniambia kwa simu, "tumebaki na nguo tulizovaa na spana mbili." Halafu akauliza, taratibu, "Si tuko na bima?"

Ngai wakwa, Mungu wangu! Na karatasi zote, risiti, cheti, logbuku ya usajili wa lori, vilikuwa ndani ya lori, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Nikasema ndiyo, mko nayo. Nikakata simu nikazunguka ofisi kwa miguu hadi mwenye duka la mbegu akaja juu kuuliza kama kuna panya.

Kampuni ikatuma mkaguzi wa hasara, bwana mpole, mwembamba, anayeandika kwa penseli. Wapole ndio wa kuogopa. Fomu ilisema lori linalala Kikima, kwa hiyo akataka kwanza aone Kikima. Tukaenda: mimi, yeye, Musembi na Mwende. Kaka mkubwa wa Musembi akatupokea vizuri, chai, viazi vitamu, maombi kabla na baada. Mkaguzi akauliza, "Musembi anaishi hapa?"

"Sasa ataishi wapi tena?" kaka mtu akasema. "Hapa ni kwao."

"Na lori, huwa analiweka wapi?"

"Pale kwake," akaonyesha kwa mkono, bila kusitasita. Na sijui mtamhukumu vipi, lakini kwa moyo wake hakuwa anasema uongo. Alikuwa anamlinda ndugu yake asionekane mtu wa njiani.

Mkaguzi akanyanyuka, akaenda pale. Sisi nyuma yake. Yalikuwa maharagwe. Safi, yamepaliliwa, yamefika magotini, yanatoa maua. Bwana yule akasimama katikati ya mistari, akainama, akachukua udongo kidogo akausugua kwa vidole. Mimi nilijua anatafuta nini. Sikuhitaji kutazama. Akafungua daftari, na nikajua neno analotaka kuliandika, kwa sababu nimelisoma kwenye barua za kukataa madai ya watu wengi: udanganyifu. Likishaandikwa hilo, hakuna lori, hakuna kazi, na hakuna kampuni nyingine itakayowagusa.

Musembi alikuwa anatazama viatu vyake. Kaka mtu akaanza kueleza kwamba maharagwe ni ya msimu huu tu. Hapo Mwende akasema, "Wacheni."

Hakupaza sauti. "Andika, bwana," akamwambia mkaguzi. "Sisi hatulali hapa. Hatujawahi kulala hapa, hata siku ya harusi. Sisi tunaishi ndani ya hiyo lori. Nimepika ndani yake miaka sita, nimeugulia ndani yake, na nimepoteza mtoto ndani yake, tukiwa njiani kwenda hospitali. Kama hapo si nyumbani, basi mimi sina nyumbani. Mniandike hivyo, na sioni haya."

Habari za mtoto huyo mimi sikuwahi kuambiwa. Nadhani hata kaka mtu hakujua, kwa maana alivua kofia.

Na mimi je? Ningeweza kunyamaza. Ningesema mteja alinidanganya, fomu ina sahihi yake, mimi ni wakala tu. Mawakala wengi wanasema hivyo na wanalala usingizi. Lakini maneno ya Mwende yalikuwa bado yananichoma, nikasikia mdomo wangu unafunguka. "Hajadanganya," nikasema. "Mimi nilijua. Nilikunywa chai nimekalia hicho kitanda. Niliandika Kikima nikijua, na gesi niliiona nikaiacha. Niandike mimi."

Mkaguzi akaigeuza penseli akafuta kitu, akaandika kingine. Ilichukua miezi mingi na barua nyingi. Mwishowe kampuni ililipa lori kama lori. Kitanda, vyombo, mashine, giligilani ya Mwende, hayo hawakulipa, na walikuwa na haki. Vitu visivyotajwa kwenye fomu havikukatiwa bima. Mimi wakanisimamisha uwakala mwaka mzima. Mzee Kyalo, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na haoni vizuri, alinipigia simu kunipa pole kwa njia yake. "Nasikia umeinama mwishowe," akasema. "Ulichelewa, lakini umeinama."

Miezi hiyo yote Musembi na Mwende walikaa kwetu Tulia, kwenye ile stoo ya mahindi. Babu yenu, Mungu amrehemu, ndiye aliyetoa dawa ambayo mimi mwenye kazi sikuifikiria. Jioni moja aliwaambia, "Hii stoo chukueni. Wekeni kitanda kimoja na kufuli lenu. Mkija mnakuja, mkienda mnaenda. Lakini barua ikitafuta mtu, iwapate hapa." Wakaenda kwa chifu wa Tulia pamoja na mzee wa Nyumba Kumi, wakajieleza wazi: sisi kazi yetu ni ya kuzunguka, tunaishi garini, hapa ndipo tunaporudi. Chifu akawatazama, akauliza wanarudi mara ngapi, na walipofika mara ya tatu bila kuitwa, akawaandikia barua. Lori la pili nikalikuta limeandikwa na wakala mwingine, kila kitu: linaishiwa ndani, gesi mtungi mmoja, mahali pa kurudi Tulia, mahali pa kulala barabarani, kaskazini mwa Kitui. Bima ilipanda, Musembi akanung'unika, Mwende akamwambia anyamaze.

Kwa hiyo nyinyi wawili. Ndiyo, mnaweza kuandika Tulia, lakini kama mahali pa kurudi, na mrudi kweli. Chifu awaone nyuso. Mahali gari linapolala muandike ukweli hata kama ni aibu. Basi la shule likiwa nyumba si basi la shule tena: lipelekeni likakaguliwe, na mabadiliko yaingie kwenye logbuku kabla hamjaenda hata Kitui. Mwambieni wakala kuna watu wanalala ndani, kuna gesi, kuna kompyuta mbili zinazowalisha. Vitu vya ndani huwa havifunikwi na bima ya gari mpaka uvitaje. Akisema "tuandike tu matumizi ya kibinafsi, ni rahisi", mkimbieni, huyo ni mimi wa zamani. Pigeni picha ya kila kitu mlicho nacho, na karatasi zote ziwe na nakala kwenye nyumba isiyo na magurudumu. Na ukingo wa mto wa mchanga, hata jua likiwa linakausha ulimi, hapana. Hapana kabisa.

Sasa lile nililosema nitalifikia.

Tangu babu yenu azikwe, nyumba ya Tulia imekuwa kimya mno. Nilikuwa naamka naufagia uwanja nilioufagia jana. Miaka thelathini na moja ya kuandika bima nilifuata siku za soko, leo huku, kesho kule, halafu mnaniambia nikae nipumzike, nipumzike nini? Nikanunua kigari kimoja kuukuu cha mizigo. Nikaweka godoro. Mara ya kwanza nilienda Tseikuru kumtembelea Mwende siku mbili; nikakaa wiki tatu. Sasa huu ni mwezi wa nane niko huku. Naegesha karibu na lori lao, juu kilimani, mbali na mto. Asubuhi wenye mbuzi wanapita wakienda sokoni, na mama mmoja Msomali mwenye duka ananiletea maziwa ya ngamia tunabishana kuhusu watoto wetu. Miguu haiumi tena. Nina furaha, na nilikuwa naificha kana kwamba nimeiba.

Binti yangu Mumbua, mama yako Ndunge, akipiga simu Jumapili namwambia, "Niko nyumbani." Kanisani nimewaambia niko na mgonjwa. Kwa nini? Kwa sababu watasema, yule mama mwenye nyumba ya mawe, watoto wake wamemfukuza, sasa analala kwenye gari. Nilijua watasema hivyo.

Juzi bima ya kigari ilikwisha. Nikakipeleka Tulia alfajiri, nikakiegesha uwanjani vizuri, nikamwita wakala. Akaja msichana mdogo, simu mkononi, ananiita susu kwa adabu. Akapiga picha zake. Akauliza, "Susu, unaishi wapi?"

Na mimi, mimi mwenyewe, nikajibu hata kabla hajamaliza, "Hapa Tulia, mwanangu."

"Na gari inalala hapa?"

"Hapa tu."

Akaweka simu mfukoni. Akainua sketi kidogo, akapiga magoti kwenye vumbi langu nililofagia, akatazama chini ya gari. Kigari changu kinavuja mafuta mpaka ni aibu. Akainuka akinitazama, hajui aniambieje mtu wa umri wangu. "Susu," akasema, "hapa chini kuna tone moja tu."

Nilicheka mpaka nikashika geti, halafu nikagundua ninalia. Sikumuuliza nani alimfundisha kuinama. Nikamwambia aandike upya, nikamtajia polepole: mahali pa kurudi, Tulia. Mahali gari linapolala, Tseikuru, kilimani. Idadi ya wanaoishi ndani, mmoja.

Fomu imeenda. Bado kuna mmoja sijamwambia, na huyo namwogopa kuliko mkaguzi yeyote mwenye penseli. Ndunge, Jumapili mama yako asije Tulia na chakula, hatanikuta. Nyumba bado ni yetu, kaburi la babu yako liko pale, na siku yangu ikifika mnirudishe hapo, sitabisha. Lakini mwambie wewe, anakusikiliza. Mwambie hakuna aliyenifukuza.